Kulivalisha gitaa la umeme kanga: kutoka msasa wa kwanza hadi klia inayong'aa

Mwongozo huu unaanzia pale ambapo bodi ya gitaa imeshakatwa, mashimo ya pikapu (zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) yameshachimbwa, na shingo inakaa vizuri mahali pake. Kilichobaki ni sura: kubandika kanga usoni, kuifunika kwa klia (vanishi angavu inayoonyesha kilicho chini), na kuisugua mpaka ionekane kama imewekwa chini ya kioo. Kazi ya mikono haizidi siku sita au saba, lakini kalenda itameza mwezi mzima na zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ni kusubiri vitu vikauke. Asiyeweza kusubiri apake mafuta ya mbao na aishie hapo. Mninga uliopakwa mafuta ni mzuri sana, wala hauhitaji pambo.

Kulivalisha gitaa si jambo geni. Mwaka 1968 kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa magitaa ya Telecaster yaliyobandikwa karatasi ya ukutani yenye maua, ukingo ukapuliziwa rangi ili mwisho wa karatasi usionekane, kisha klia ikafunika vyote. Kanga inafaa kuliko karatasi. Ni pamba, kwa hiyo inakunywa klia na kushikana nayo, na ina mji, pindo na jina vya kuchezea.

Lipige kwanza, ndipo ulipake

Funga kila kitu kwenye bodi ikiwa bado mbao tupu: daraja, pikapu, vidhibiti vya sauti, jeki (tundu la kuchomekea waya), shingo, nyuzi. Kwa shingo ya mtindo wa Fender, urefu wa uzi kutoka nati (kijipande chenye mifereji ya nyuzi kwenye mwanzo wa shingo) hadi daraja ni milimita 648. Angalia kama uzi wa kwanza na wa sita inapita ndani ya ukingo wa shingo kwa umbali ulio sawa pande zote mbili. Lipige siku mbili tatu. Kasoro inayojitokeza sasa inarekebishwa kwa patasi na keekee, lakini ikijitokeza baada ya klia, kila tundu jipya litabandua kipande pembeni yake.

Ukiridhika, fungua vyote. Piga skrubu kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 40 kwenye mfuko wa shingo, yaani shimo ambamo shingo hukaa. Huo ndio mpini wako wa kushikia, kuning'inizia na kugeuzia bodi mpaka mwisho wa kazi. Pia utazuia rangi isiingie kwenye mfuko. Mfuko wa shingo haupakwi kitu. Klia ikiingia humo shingo haikai chini sawasawa, na ukiilazimisha, ukingo wa mfuko unapasuka.

Kama hujui mbao yako imekauka kiasi gani na huna kipimo cha unyevu, ipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, mbao imeshapatana na hewa ya mahali ulipo. Ukibandika kanga juu ya mbao mbichi, mbao itasinyaa baadaye na klia itafuata kwa nyufa.

Msasa na vinyweleo

Anza na msasa namba 80 kuondoa alama za mashine, halafu 120, 180, na umalizie 220. Sugua kufuata uzi wa mbao (mistari yake ya asili), msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha ubao bapa. Vidole vitupu vinachimba mabonde ambayo hutayaona leo, ila klia itayaonyesha yote siku ya kung'arisha. Kabla ya kuhama namba, chora mistari ya penseli juu ya uso mzima na usugue mpaka iishe, kisha mulika kwa taa iliyolazwa ubavuni. Mikwaruzo iliyobaki itatupa kivuli. Vichwa vya mbao, yaani mahali uzi ulipokatwa, vinahitaji msasa hadi 320 kwa sababu vinanyonya rangi zaidi na kuonekana vyeusi. Kovu la kugongwa usilichimbe. Weka kitambaa chenye maji juu yake, gusa kwa ncha ya pasi ya moto, na nyuzi za mbao zitavimba kurudi juu.

Vaa barakoa ya vumbi wakati wote. Vumbi la mvule na la mpingo linawasha ngozi na kifua, na la mninga si rafiki wa mtu mwenye pumu.

Mninga na mvule vina vinyweleo vikubwa. Usipovijaza, klia itazama ndani yake polepole, na gitaa lililokuwa kioo litaonyesha vitobo baada ya wiki kadhaa. Tumia fila ya mbao ya dukani, au changanya sandingi sila (rangi angavu ya awali ya kuziba mbao) na unga laini kabisa wa msasa wa mbao hiyohiyo mpaka upate uji mzito. Ipake kwa kadi ya plastiki ukikata uzi wa mbao kwa mshazari, acha ikauke, sugua kwa 220, rudia mara ya pili. Msaji na mvule pia vina mafuta ya asili yanayochelewesha klia kukauka. Vifute kwa kitambaa chenye thina dakika chache kabla ya sila, si jana yake, kwa maana mafuta hupanda tena juu.

Kuchagua na kujaribu kanga

Chagua ya pamba tupu. Chukua uzi mmoja kwenye ukingo uuchome kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, polyester inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Ya polyester haishiki gundi vizuri na itasinyaa ukiipiga pasi.

Kanga mpya imejaa wanga. Ifue mara mbili tatu kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka iwe laini na maji yatoke meupe. Kisha fanya majaribio mawili. Sugua kitambaa cheupe chenye maji juu ya rangi iliyokolea, halafu kingine chenye thina. Nyekundu ndiyo msumbufu. Inaweza kuvumilia maji na kuchuja kwenye thina, ikaenea waridi juu ya nyeupe yote. Ikichuja kwa thina, usiitumie na klia ya thina. Tumia ya maji, au tafuta kanga nyingine.

Kanga inauzwa kwa doti, na hilo ni jambo jema hapa. Pande moja ni la gitaa, la pili ni la majaribio. Bandika kipande cha pande la pili kwenye ubao wa taka na ukipitishe hatua zote hadi klia kabla ya kuigusa bodi.

Halafu kuna jina. Weka kanga juu ya bodi na uchore kwa chaki mahali pa daraja, pikapu na kibao cha vidhibiti. Mara nyingi jina huwa refu kuliko bodi, na methali iliyokatwa nusu husema jambo jingine kabisa, pengine la aibu. Ama upate mkao ambao maneno yanayobaki yana maana yake, ama uache jina kabisa na utumie mji peke yake. Ua kubwa la katikati linapendeza likiangukia nyuma ya daraja, mahali pasipofunikwa na kitu.

Hii yote ni kwa bodi yenye uso bapa kama ya Telecaster. Bodi yenye mteremko wa mkono inawezekana, kwa sababu kitambaa hupinda upande mmoja bila kukunjamana. Ile iliyobinuka pande zote kama mgongo wa kijiko haiwezekani bila mikunjo.

Nyeupe chini ya kanga

Hatua hii ndiyo inayorukwa na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Kitambaa kikavu kinaonekana kizito, lakini kikishalowa klia kinakuwa kama karatasi iliyolowa mafuta, na rangi ya chini inapenya. Njano juu ya mninga inageuka kahawia, nyeupe inakuwa chai ya maziwa. Kwa hiyo paka uso wa bodi sila, kisha praima nyeupe mikono miwili (yaani tabaka mbili), usugue kwa 320 mpaka iwe bapa. Ubavu na mgongo usiupake nyeupe kama unataka mbao ionekane.

Kubandika:

1. Piga kanga pasi, ikate ikiwa na ziada ya sentimita 4 kuzunguka bodi yote. Chora mstari wa katikati kwa penseli juu ya praima, na mwingine kwa uzi wa kushonea juu ya kanga.

2. Chukua gundi nyeupe ya mbao, ongeza maji kidogo kidogo (takribani sehemu moja ya maji kwa nne za gundi) mpaka ipakike kwa brashi bila kuacha michirizi. Paka kwa ukonde nusu ya uso tu.

3. Linganisha mistari miwili, laza kanga kutoka katikati, na utoe hewa kwa kadi ya plastiki ukienda nje. Vuta kufuata nyuzi za kitambaa, wima au ulalo. Usivute kwa mshazari hata mara moja, maana kanga inanyumbuka upande huo na ua lako litapinda. Kisha nusu ya pili.

4. Weka karatasi ya nailoni juu, ubao bapa, na uzito wa kilo kumi hivi. Baada ya saa moja ondoa uangalie, kisha uiache wazi saa 24.

Povu la hewa likibaki, limetokana na gundi iliyoanza kukauka kabla ya kitambaa kufika. Lichane kwa ncha ya wembe kufuata uzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, likandamize kwa pasi vuguvugu juu ya karatasi. Usiliache ukidhani klia italikalisha. Thina italivimbisha.

Ziada haikatwi kwa mkasi. Shika kipande cha ubao chenye msasa 180 kwa pembe ya nyuzi 45 kwenye kona ya bodi na usugue kuelekea chini tu. Kitambaa kitakatika pale kwenye kona kama kwa wembe. Ukisugua kwenda juu utakinyanyua. Fanya vivyo hivyo kwenye mashimo ya pikapu, ukitanguliza mkato wa wembe mpya wenye umbo la msalaba. Ncha zote za nyuzi zipakwe gundi iliyolainishwa ili zisifumuke.

Ukingo

Mwisho wa kanga utaonekana, ukipenda usipende. Njia nzuri ni kuupulizia rangi: nyeusi au ya kahawia iliyokolea inayoanza ubavuni na kufifia inapoingia usoni kwa sentimita 2 hadi 3. Hewa iwe ndogo, mkono uwe mbali, na bunduki ilenge nje ya bodi ili kinachofika usoni kiwe ukungu tu. Ipulizie baada ya mikono miwili mitatu ya klia, si moja kwa moja juu ya kitambaa, kwa sababu kwenye klia unaweza kufuta ukikosea na kwenye kitambaa huwezi. Ukitaka pindo la kanga lizunguke ubavuni, likate ukanda na ulibandike peke yake, maungio yake yakae chini kwenye skrubu ya mkanda.

Klia gani

Kwa mtu wa karakana ya nyumbani tunapendekeza klia ya nitroselulosi, ile wanayotumia mafundi wa samani, inayochanganywa na thina. Kila mkono unayeyusha kidogo ule wa chini na kuwa kitu kimoja, kwa hiyo kosa linarekebishika. Ubaya wake ni kwamba ni nyembamba, inahitaji mikono 10 hadi 12, na huwa ya njano kadiri miaka inavyopita. Lita moja ya klia na lita moja na nusu ya thina zinatosha gitaa moja na kusafisha vyombo.

Klia ya magari inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha) ni ngumu zaidi na mikono mitatu minne inatosha. Hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kawaida haiizuii. Mpelekee fundi wa rangi za magari mwenye chumba cha kupulizia na vifaa vya kupumulia, umlipe kwa kazi hiyo. Fender yenyewe ilitumia rangi za magari katika miaka ya 1950 na 1960, na kopo la rangi ya gari bado ni njia rahisi ya kupata rangi nzuri.

Epuka mchanganyiko mmoja: rangi ya mafuta chini ya klia ya thina. Thina kali inainyanyua rangi na kuikunja kama ngozi ya tembo. Jambo hili linawahusu hasa wanaotaka michoro ya Tingatinga. Mtindo huo ulianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za enameli zinazong'aa, na enameli ni rangi ya mafuta. Ama uchore kwa akriliki, ama enameli yako ikauke wiki tatu kisha uifunike kwa vanishi ya mafuta badala ya klia.

Kupulizia

Mikono ya kwanza miwili paka kwa brashi laini, sandingi sila nyepesi, ukiinywesha kanga mpaka isinyonye tena. Vinyoya vya pamba vitasimama kama ndevu za siku mbili. Pulizia mikono mitatu ya klia kwanza, ndipo usugue taratibu kwa 320 kukata vinyoya hivyo. Ukisugua kabla klia haijatosha, msasa utafika kwenye nyuzi na kutoa alama nyeupe, na alama hiyo haifutiki.

Baada ya hapo: bunduki yenye tundu la milimita 1.3 au 1.4, hewa kati ya psi 30 na 40, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Anza kupulizia nje ya bodi na umalizie nje. Mikono ya awali ya klia iwe ya ukungu tu, kwani klia iliyopuliziwa nyingi kwa mara moja, ikiwa na thina nyingi, hulainisha gundi nyeupe na kuibua mapovu. Acha dakika 45 hadi saa moja kati ya mkono na mkono, mitatu au minne kwa siku. Kila baada ya mitatu, laza kwa msasa 400. Mwaga maji kwenye tangi la kompresa kabla ya kuanza, na lowesha sakafu ili vumbi lilale. Fungua madirisha, zima jiko na kila chenye moto.

Pwani adui mkubwa ni unyevu. Thina inapoyeyuka hewani huupoza uso wa bodi, mvuke unaganda juu yake na klia inageuka nyeupe kama maziwa. Pulizia kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na wakati wa masika subiri siku kavu. Ikitokea, usisugue. Acha ikauke siku moja, kisha puliza ukungu mwepesi wa thina ya kuchelewesha (inayokauka polepole), na weupe utatoka. Milimani shida ni baridi: chini ya nyuzi joto 15 klia haikauki inavyopaswa na huchuruzika.

Uso ukiwa kama ganda la chungwa, klia ni nzito mno au bunduki iko mbali. Michirizi ni kinyume chake, na isubiri ikauke kabisa ndipo uikwangue kwa wembe. Vijitundu vya duara, kama macho ya samaki, ni mafuta: alama za vidole, au ile polishi ya samani yenye silikoni. Acha, futa, sugua hadi chini ya tatizo, anza upya. Kurundika klia juu ya jicho la samaki kunalikuza tu.

Kusubiri, kusugua, kung'arisha

Ning'iniza bodi mahali pakavu wiki tatu au nne. Weka pua karibu na shimo la pikapu: ukinusa thina, bado. Klia inasinyaa inapokauka, na ukiing'arisha mapema itasinyaa juu ya kazi yako.

Ziba matundu yote ya skrubu kwa nta ya mshumaa. Maji yakiingia humo mbao inavimba na klia inapasuka kuzunguka tundu. Kisha sugua kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo: 800, 1200, 1500, 2000, kila namba mpaka alama za iliyotangulia ziishe. Kwenye kona usipite zaidi ya mara mbili tatu, klia ni nyembamba hapo. Malizia kwa kompaundi ya kung'arishia magari na kitambaa cha pamba. Usitumie sufi ya chuma, kwa sababu chembe zake hunasa kwenye sumaku za pikapu na hazitoki.

Kufunga tena

Kabla ya kurudisha nyaya, bandika karatasi ya shaba au ya alumini ndani ya mashimo yote, vipande vipishane milimita 5, na uiunganishe na waya wa ardhi. Gundi ya shaba iwe inayopitisha umeme. Ya alumini haipitishi, hivyo kunja ncha zigusane chuma kwa chuma. Pima kwa multimita kati ya ncha mbili za mbali: iwe chini ya omu moja. Karatasi hiyo ndiyo inayopunguza kelele za umeme zinazosikika ukiwa karibu na taa.

Mdomo wa kila tundu la skrubu uzungushie ncha ya keekee pana kwa mkono, mzunguko mmoja tu, ili klia iondoke pembeni mwa uzi wa skrubu. Paka skrubu sabuni kavu. Shingo yenyewe ipake klia nyembamba isiyong'aa, au mafuta ya mbao, ili kiganja kiteleze. Ubao wa vidole wa mpingo haupakwi klia. Matone machache ya mafuta ya watoto, yale ya madini, yapake kisha yafute. Mafuta ya nazi na ya kupikia huchacha na kunata.

Nyuzi ziweke kwa mpangilio, nusu ya mkazo siku ya kwanza, mkazo kamili siku ya pili. Na usiliegemeze kwenye stendi yenye mpira. Mpira hula klia ya nitroselulosi na kuacha doa laini lisilotoka. Funga mikono ya stendi kwa kipande cha ile kanga ya pili.